Herufi Isiyolipiwa

Mama Kisimba wa Katuba alitaka bango la duka:
HAPA HAPANA DENI.
Mimi naandika kwa bei ya herufi, faranga mia tano kila moja,
nafasi kati ya maneno ni bure.
Akahesabu kwa kidole, midomo ikitembea,
akafika kwenye H, akasimama.
"Papa Nkulu, iyi ya mbele inasema nini?"
Nikamwambia: inapumua.
"Ya kupumua siilipi. Andika ile inasema."

Elfu saba ikawa elfu sita.
APA APANA DENI, nyekundu, kivuli cheusi,
na H mbili zikabaki kwenye brashi.

Simlaumu. Lubumbashi yote imeimeza.
Sokoni Kenya ni apa, ni uyu, ni ewa ya leo moto.
Shuleni Sista Godeliva alituchapa mikono
tukiisahau kwenye daftari la Kifaransa,
akatuchapa tena tukiitamka.
Baba mdogo Kyembe alikwenda Moscow kusomea madini,
akarudi akiiona N.
Mgiriki aliyemuuzia samaki wa chumvi aliiona I,
wakabishana kaunta nzima, kila mmoja na kalamu yake.
Bwana Sudi wa vitambaa anazo mbili katika Kiarabu chake,
moja inakwaruza koo, moja ni pumzi tu,
na zote mbili zikifika kwetu
hulala kitanda kimoja.
Mtaliano huisimamisha nyuma ya C
kama mlinzi wa usiku, C isije ikalegea.

Na sisi? Sisi tumeiweka nyuma ya S isukume gari.
Ing'oe hapo, Mama Kisimba,
tutaamka Lubumbasi,
mji ambao hakuna treni inayoujua.

Wanasema Wafoinike walipoichora
walikuwa wakichora ua:
miti miwili imesimama, fito zimelala katikati.
Fito zikaanguka njiani, ikabaki moja.
Nimelifikiria hilo juu ya ngazi, jua la Oktoba mgongoni.
Chukua hua, yule ndege wa kijivu
anayelia asubuhi juu ya mabati,
mwondolee H:
ndege ameruka, umebaki ua.
Ua la uzio. Au la bustani. Au lile neno jingine,
ambalo sijawahi kuliandika kwa bei yoyote.

Mke wangu Ngosa ana kipande cha shaba
kilichotoka kwa bibi wa bibi yake,
hakizidi kidole gumba.
Kina mikono miwili, miguu miwili, na kiuno.
Kilikuwa fedha. Kilinunua jembe, kilikaa kwenye mahari,
wengine walizikwa nacho kifuani.
Aliyekimimina hakujua A wala B,
alijua moto, udongo, na pumzi ya mivuo.
Nilikishika miaka ishirini kama msalaba mdogo uliokosewa
mpaka siku nilipokigeuza,
mikono yangu ikinuka tapentaini,
nikakisoma.
Kumbe tulikuwa nayo kiganjani
kabla haijaletwa mdomoni,
na mdomoni, hata leo, haijafika.

Siku ya tatu mwalimu Kaumba,
mwenye kurasa mbili kwenye daftari la madeni,
alisimama mbele ya bango, akasoma kwa sauti,
akainua mkono wa kulia.
"Mama, umeniambia niape. Basi naapa: apana deni."
Akaondoka na kilo ya sukari.

Jioni Mama Kisimba alikuja kwangu na mia tano, imekunjwa mara nne.
"Rudisha ile ya kupumua. Moja tu, ya mbele.
Ya pili iendelee kunyamaza."

Nafasi haikuwepo.
Niliibana kwenye ukingo wa mbao,
nyembamba, imeinama kidogo,
kama ngazi ambayo mtu ameiacha ukutani
akaenda kula.